Prosesa Isiyopanda Kasi: Kutafuta Chanzo cha Hitilafu Kompyuta Inapowaka

Prosesa ya kompyuta haikimbii kwa kasi moja tangu inapowashwa hadi inapozimwa. Mtu akiwa anasoma barua tu, hushuka hadi gigahezi 0.8 au karibu na hapo. Akifungua faili kubwa la hesabu, hupanda ghafla hadi gigahezi 3 na zaidi, kisha hushuka tena. Sababu ni umeme na joto. Umeme unaoliwa na prosesa hukua sambamba na kasi yake, lakini hukua kwa mraba wa volti yake: volti ikipunguzwa kwa theluthi moja, matumizi hushuka hadi chini ya nusu, hata kabla ya kuhesabu kasi iliyopungua. Ndiyo maana kasi na volti hushushwa pamoja kila kazi inapopungua. Intel waliuita utaratibu huo SpeedStep; AMD wakauita Cool'n'Quiet kwenye kompyuta za mezani na PowerNow! kwenye kompyuta mpakato.

Utaratibu huu hupangwa upya kila kompyuta inapowashwa, na unahitaji matabaka matatu yaelewane. La chini ni vifaa vyenyewe: prosesa, feni, chaja na bodi kuu. La kati ni BIOS, au UEFI kwenye mashine za karibuni, yaani programu iliyomo kwenye bodi kuu ambayo huamka kabla ya kitu kingine chochote na kutayarisha orodha ya kasi ambazo prosesa inaruhusiwa kutumia. La juu ni mfumo endeshi, Windows au Linux, ambao huisoma orodha hiyo na kuikabidhi kwa draiva moja. Tabaka moja lisipotimiza sehemu yake, mstari wa hitilafu hupita kwenye skrini, na baada yake hutokea moja kati ya mambo matatu. Kompyuta hubaki kwenye kasi ya chini kabisa ikijikokota. Au hubaki kwenye kasi ya juu, ikapata joto na kumaliza betri. Au hakuna kinachobadilika, kwa sababu draiva nyingine imekwisha kuichukua kazi hiyo.

Kata ya Bagamoyo mjini Tukuyu, wilayani Rungwe, ambayo isichanganywe na mji wa Bagamoyo ulio mkoani Pwani, inafaa kuwa mfano wa tatizo hili. Kompyuta za maduka ya steshenari katika miji ya aina hii mara nyingi ni mitumba iliyokwisha kutumika miaka kadhaa ofisini kwingineko. Mashine iliyokwama kwenye gigahezi 0.8 hujulikana kwanza kwa foleni: fomu ya maombi ya mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) inazunguka bila kufunguka, skana inameza ukurasa mmoja wakati zamani ilikuwa imemeza tano, na mteja wa tatu anaanza kuangalia saa. Dawa inayotajwa haraka ni kupiga Windows upya. Kazi hiyo huchukua nusu siku, huhatarisha mafaili ya wateja, na haiponyi chochote ikiwa tatizo liko kwenye matabaka mawili ya chini. Njia salama ni kuanzia kwenye ushahidi, kukagua kutoka chini kwenda juu, na kubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja.

Suala hili limewafikia watu wengi zaidi tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo Microsoft walimaliza muda wa kawaida wa kuihudumia Windows 10. Windows 11 haizikubali rasmi prosesa nyingi za kabla ya Intel kizazi cha 8, hivyo baadhi ya mashine hizo zimehamishiwa Linux Mint au Ubuntu. Linux husema wazi kile ambacho Windows hukificha, na mwenye mashine huona kwa mara ya kwanza mistari ya hitilafu ambayo huenda ilikuwepo miaka yote.

Kusoma ujumbe kabla ya kushika bisibisi

Mistari ya kuwaka hupita haraka kuliko jicho. Kwenye Ubuntu na Mint hufichwa nyuma ya nembo. Kubonyeza Esc wakati nembo inaonekana huifichua. Simu iliyowekwa kurekodi video mbele ya skrini, kisha ikachezwa polepole, inatosha kuunasa mstari uliopita kwa nusu sekunde. Kompyuta ikishawaka, rekodi yote hupatikana kwa amri hizi:

sudo dmesg | grep -iE "freq|pstate|powernow|throttl"
journalctl -b -p err
systemctl --failed

Ya kwanza huchuja yale ambayo kerneli, sehemu ya ndani kabisa ya Linux, imesema kuhusu kasi. Ya pili huonyesha hitilafu zote za uwashaji wa sasa. Ikiandikwa "-b -1" huonyesha za uwashaji uliotangulia, mradi rekodi zinahifadhiwa kwenye diski. Ya tatu hutaja huduma zilizoshindwa kuanza.

Majibu huja kwa Kiingereza hata kama madirisha yote ya kompyuta yanasomeka kwa Kiswahili. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004 na kuthibitisha kwamba programu za ofisini zinaweza kutumika kwa Kiswahili, lakini kauli za kerneli hazijatafsiriwa. Kwa bahati nzuri, zinazohusu kasi ya prosesa ni chache, na kila moja huelekeza kwenye tabaka lake.

Mstari wenye maneno "No compatible ACPI _PSS objects found" unasema kwamba BIOS haikukabidhi orodha ya kasi. Jina _PSS ndilo la orodha hiyo. Mstari huo hutanguliwa na "Firmware Bug", na maana yake ni kwamba lawama haiko kwenye Linux.

Mstari wa "amd_pstate" unaotaja kwamba "_CPC object is not present" ni wa prosesa za AMD za miaka ya karibuni. Draiva hiyo iliingia kwenye kerneli 5.17 mwaka 2022, na hutegemea jedwali la _CPC ambalo BIOS nyingine haina, au inalo lakini limezimwa.

Mstari unaosema kwamba "acpi_cpufreq" imeshindwa kuingizwa kwa sababu ya "No such device" huwatisha watu zaidi ya wote, ilhali mara nyingi hauna madhara. Kerneli hukubali draiva moja tu ya kasi. Tangu toleo la 3.9 la mwaka 2013, prosesa za Intel za kuanzia kizazi cha Sandy Bridge cha mwaka 2011 huweza kuongozwa na draiva ya intel_pstate, na ikishakaa kwenye kiti, acpi_cpufreq hukataliwa mlangoni.

Mstari wenye "temperature above threshold, cpu clock throttled" unasema prosesa imepata joto kupita kiwango na imepunguzwa kasi ili isiungue. Huo ni wa tabaka la chini, na hakuna programu itakayoutibu.

Namba nne zinazotenganisha tabaka

Baada ya ujumbe, hatua ya pili ni kupima. Linux huweka taarifa za kasi kwenye folda moja kwa kila kiini cha prosesa. Kwa kiini cha kwanza ni hii:

/sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq/

Ndani yake, faili la scaling_driver hutaja draiva iliyoko kazini. Cpuinfo_max_freq ni kasi ya juu ambayo prosesa inaiweza kwa maumbile yake. Scaling_max_freq ni kasi ya juu inayoruhusiwa kwa sasa. Scaling_cur_freq ni kasi ya wakati huo. Kwenye draiva ya acpi-cpufreq kuna pia bios_limit, ambayo ni kikomo kilichowekwa na BIOS. Namba zote ni za kilohezi: 3400000 ni gigahezi 3.4, na 800000 ni gigahezi 0.8. Kila faili husomwa kwa amri ya cat.

Kusoma scaling_cur_freq kompyuta ikiwa imetulia hakuthibitishi kitu, kwa sababu gigahezi 0.8 wakati wa mapumziko ni afya. Prosesa lazima ipewe kazi kwanza. Kwa mashine yenye viini vinne, mstari huu huviamsha vyote:

for i in 1 2 3 4; do yes > /dev/null & done

Kisha kasi hutazamwa ikibadilika kila sekunde:

watch -n1 "grep MHz /proc/cpuinfo"

Kipimo kikiisha, "killall yes" hurudisha utulivu. Dakika mbili zinatosha.

Matokeo yake husomwa hivi. Folda ya cpufreq ikiwa haipo kabisa, hakuna draiva iliyoshika kazi, na wa kwanza kushukiwa ni mpangilio wa BIOS. Folda ikiwepo, lakini scaling_max_freq ikawa chini sana ya cpuinfo_max_freq, kuna aliyeweka kikomo: bios_limit ikiwa ndogo vilevile, kikomo kimetoka BIOS; isipokuwa ndogo, kimetoka kwenye mpangilio wa mfumo endeshi. Namba za juu zote zikiwa sawa, lakini kasi ikagoma kupanda kazi ilipoanza, au ikapanda kwa sekunde chache na kuanguka, breki inatoka kwenye vifaa. Na kasi ikipanda na kubaki juu, hakuna tatizo la kasi, hata kama mstari wa hitilafu bado unaonekana. Uzito wa mashine utafutwe kwenye diski au kumbukumbu.

Tabaka la chini: joto na chaja

Tukuyu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwenye miteremko ya Mlima Rungwe wenye mita 2,960 hivi, na ni miongoni mwa sehemu za Tanzania zenye baridi na mvua nyingi. Hali hiyo ya hewa ni kifaa cha kupimia kisichogharimu shilingi. Bagamoyo ya Pwani, ambako joto la chumba halishuki sana hata usiku, si rahisi kutofautisha kompyuta iliyochemshwa na mazingira na ile yenye ubovu wake mwenyewe. Bagamoyo ya Tukuyu, asubuhi ya Juni au Julai, mashine iliyozimwa usiku kucha huwa imepoa hadi ndani ya kasha. Ikiwashwa hapo na hitilafu ikajitokeza katika sekunde za kwanza, vumbi na joto la kawaida karibu vinaondoka kwenye orodha ya washukiwa. Uchunguzi uhamie kwenye chaja na BIOS. Hitilafu isipojitokeza asubuhi, ikaja saa nane mchana baada ya kuwasha upya, joto ndilo linalohukumiwa.

Kuna kighairi kimoja. Kipoza joto kilicholegea, yaani kile kipande cha alumini au shaba kinachokaa juu ya prosesa, huiacha prosesa ipande hadi karibu nyuzi 100 za Selsiasi ndani ya sekunde chache hata kwenye chumba cha baridi. Amri ya sensors, inayopatikana kwa kusakinisha lm-sensors, humaliza ubishi: joto linaloruka kwa kasi hivyo mara kazi inapoanza ni la kipoza joto kisichogusa vizuri au pesti ya kupitisha joto iliyokauka, na linalopanda taratibu kwa dakika kadhaa ni la feni iliyozibwa na vumbi.

Usafi hufanywa mashine ikiwa imechomolewa. Feni ishikwe kwa kidole isizunguke wakati wa kupuliza, kwa sababu kuizungusha kwa nguvu ya upepo huharibu mhimili wake. Pesti ya zamani ifutwe kwa kitambaa chenye spiriti kabla ya kupaka mpya, na tone la ukubwa wa punje ya mchele linatosha. Ikizidi huzuia joto badala ya kulipitisha.

Kwa kompyuta mpakato, chaja hushukiwa kabla ya feni. Plagi ya chaja za Dell na nyingi za HP ina sindano nyembamba katikati. Sindano hiyo haipeleki umeme wa kuendeshea mashine. Hupeleka utambulisho, ili bodi kuu ijue chaja ni ya wati 65, 90 au zaidi. Chaja ya kuiga isiyo na utambulisho huo, au sindano iliyopinda, huifanya BIOS ichukue tahadhari: hutoa onyo mara tu mashine inapowaka kwamba aina ya chaja haijulikani, huacha kuchaji betri, na huishusha prosesa hadi kasi ya chini kabisa. Mtu akibonyeza kitufe cha kuendelea bila kusoma, hubaki na mashine nzito asijue kwamba imeshajieleza. Kipimo chake ni chepesi. Kompyuta iwashwe kwa betri peke yake, chaja ikiwa imechomolewa, kisha kasi ipimwe. Ikipanda, chaja au tundu lake ndilo tatizo. Betri ikiwa imekufa, iazimwe chaja halisi ya wati zilezile.

Umeme mdogo wa jioni haumo kwenye orodha hii, ingawa hulaumiwa sana. Chaja nyingi za kompyuta mpakato hupokea volti 100 hadi 240, na ugavi wa umeme ndani ya kompyuta ya mezani hutoa volti zilezile kwa bodi kuu hata volti za ukutani zikishuka kiasi. Madhara ya umeme wa TANESCO kwa jambo hili ni ya kukatika ghafla, ambako huweza kuharibu mafaili ya mfumo endeshi.

Mashine ndogo za Raspberry Pi ndizo zinazohisi upungufu wa volti moja kwa moja. Pi 4 inahitaji volti 5.1 na ampea 3. Ikiwashwa kwa chaja ya simu, huandika "Undervoltage detected" na kujipunguza kasi. Amri ya vcgencmd get_throttled ikijibu 0x0, umeme unatosha. Ikijibu 0x50005, umeme ni pungufu wakati huohuo na kasi imeshushwa.

Tabaka la kati: BIOS na betri yake

Vifaa vikishatakaswa, zamu ni ya BIOS. Huingiwa kwa F2 kwenye Dell, F10 kwenye HP nyingi na F1 kwenye Lenovo za ofisini, kitufe kikigongwa mara tu baada ya kuwasha. Kinachotafutwa ni Intel SpeedStep au EIST kwa Intel, Cool'n'Quiet au CPPC kwa AMD. Chaguo hilo likiwa limezimwa, draiva haipati orodha ya kasi, na matokeo yake ni mistari ya _PSS au _CPC iliyotajwa awali. Liwashwe, mabadiliko yahifadhiwe, na kipimo kirudiwe.

Chaguo lililozimika lenyewe lina kisa chake, na kisa hicho kwa kawaida ni betri ya duara ya CR2032 iliyo kwenye bodi kuu. Betri hiyo ya volti 3 hulinda saa na, kwenye mashine nyingi za zamani, mipangilio ya BIOS wakati kompyuta imechomolewa. Ikifa, kila umeme unapokatika saa hurudi nyuma miaka mingi na mipangilio hurudi ilivyotoka kiwandani. Dalili yake huonekana kwenye kivinjari kabla ya kuonekana kwenye prosesa: tovuti zote salama hukataa kufunguka zikidai cheti si halali, kwa sababu tarehe ya kompyuta si ya leo. Mwenye duka hudhani intaneti ni mbovu. Multimita ikisoma volti 2.5 kwenye betri hiyo, imekwisha. Ibadilishwe, tarehe iwekwe, ndipo SpeedStep ikaguliwe upya.

Kompyuta mpakato huweza pia kushikwa na kumbukumbu ya zamani ya kidhibiti chake cha umeme. Mafundi huiondoa kwa kuchomoa chaja na betri, kisha kushikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 hivi ili chaji iliyobaki iishe. Kasi iliyogoma baada ya kulala au baada ya kubadilisha chaja mara nyingine hurudi kwa hatua hiyo peke yake.

Kusasisha BIOS kuwe hatua ya mwisho ya tabaka hili. Ni dawa halisi ya jedwali la _PSS lenye makosa, lakini umeme ukikatika katikati bodi kuu huweza kufa kabisa. Katika wilaya yenye mvua za radi, kazi hiyo hufanywa kukiwa na UPS au betri iliyojaa, na faili litoke kwa mtengenezaji wa mashine yenyewe, likiwa la modeli ileile.

Tabaka la juu: draiva na mipangilio

Hitilafu za Linux zilizobaki hapa nyingi ni mabaki ya zamani. Mwongozo wa miaka iliyopita uliagiza jina la draiva liandikwe kwenye faili la /etc/modules. Mfumo ukaboreshwa, draiva ikabadilika, jina likabaki. Kila uwashaji, kerneli huagizwa kuingiza powernow-k8 au p4-clockmod kwenye prosesa isiyohusika, na jibu ni "No such device". Dawa ni kuweka alama ya # mbele ya jina hilo kwenye /etc/modules au kwenye mafaili ya /etc/modules-load.d, kisha kuwasha upya.

Mabaki ya pili yanahusu gavana, jina la programu inayoamua kasi ipande au ishuke lini. Ondemand ilikuwa ya kawaida kwa miaka mingi. Schedutil ilikuja na kerneli 4.7 mwaka 2016. Lakini intel_pstate ikiwa katika hali ya active inazo mbili tu, performance na powersave. Faili la /etc/default/cpufrequtils likiwa bado linadai ondemand, ombi hukataliwa kila asubuhi. Zinazokubalika zimo kwenye scaling_available_governors. Powersave ya intel_pstate isiogopwe kwa jina lake: hupandisha kasi kazi inapokuja. Powersave ya acpi-cpufreq ndiyo inayoiganda prosesa kwenye kasi ya chini, na majina kufanana kumewaponza wengi.

Draiva yenyewe ikishukiwa, ijaribiwe kwa uwashaji mmoja kabla ya kubadilisha chochote cha kudumu. Kwenye menyu ya GRUB, inayotokea kabla ya Linux kuwaka, hubonyezwa e, unatafutwa mstari unaoanza na neno linux, na mwishoni mwake huongezwa neno moja la majaribio, kisha Ctrl+X. "intel_pstate=disable" huiondoa draiva ya Intel na kuiachia nafasi acpi-cpufreq. "intel_pstate=passive" huibakiza lakini hurejesha magavana ya kawaida. Jaribio likiharibu mambo, kuwasha upya hulifuta lenyewe. Likifaulu, neno huandikwa kwenye mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT ndani ya /etc/default/grub na kuthibitishwa kwa sudo update-grub.

Neno "processor.ignore_ppc=1" lahitaji uangalifu. Huiamuru kerneli ipuuze kikomo cha BIOS. Kikomo kikiwa kimetokana na BIOS yenye makosa, ni msaada; kikiwa kimewekwa kwa sababu chaja ni dhaifu, ni kuilazimisha chaja ya wati 45 ibebe mzigo wa wati 90, na harufu ya plastiki hufuata. Programu ya ThrottleStop kwenye Windows huweza kufanya kosa hilohilo inapotumiwa kuzima ishara ya breki iitwayo BD PROCHOT.

Kwenye Windows ushahidi uko sehemu mbili. Task Manager, kwenye ukurasa wa CPU, huonyesha kasi ya sasa kando ya kasi ya msingi. Event Viewer, kwenye kumbukumbu za System, huandika tukio namba 37 la Kernel-Processor-Power pale BIOS inapoibana prosesa. Tukio hilo likiwepo, kupiga Windows upya ni kazi bure. Lisipokuwepo, kikaguliwe kiwango cha juu cha prosesa kwenye mipangilio ya umeme, ambacho hutakiwa kuwa asilimia 100. Amri ya powercfg -restoredefaultschemes hurudisha mipangilio ya awali. Majaribio yafanywe kwa Restart, kwa sababu Windows 10 na 11 zikiwa na Fast Startup haziachi kila kitu zinapozimwa kwa Shut down, na hitilafu ya jana huamka nayo leo.

Mfumo endeshi unaoendeshwa ndani ya VirtualBox au kompyuta ya kukodi ya mtandaoni huwa hauna folda ya cpufreq. Kasi husimamiwa na mashine mama, na mstari wa hitilafu hapo unaweza kuachwa ulivyo.

Kuthibitisha kwamba imepona

Uwashaji mmoja uliofaulu hautoshi. Mashine iwashwe ikiwa ya baridi asubuhi, iwashwe upya ikiwa ya moto baada ya saa kadhaa za kazi, na kama ni kompyuta mpakato, iwashwe mara moja kwa betri na mara moja kwa chaja. Kila mara kipimo cha kazi kirudiwe kwa dakika mbili na rekodi za uwashaji zisomwe. Neno lolote la majaribio lililobaki kwenye GRUB bila kuhitajika lifutwe, vinginevyo litakuwa mabaki yatakayomsumbua fundi wa kesho.

Mwishoni, jina la draiva, kasi ya juu iliyofikiwa chini ya mzigo, joto la wakati huo na tarehe ya kubadilisha betri ya CR2032 viandikwe kwenye karatasi ndogo ibandikwe ndani ya kasha. Mashine ikianza kujikokota tena, atakayeifungua atakuwa na namba za kulinganisha, na ataujua upande wa kuanzia kabla ya kugusa chochote.